Kulala usiku mmoja Chalbi bila hema kupeperuka

Watu wakiskia jangwa wanawaza jua na nyoka. Chalbi, kule kaunti ya Marsabit, kitakachokunyima usingizi ni upepo. Si bure upande wa Loiyangalani wamesimamisha mitambo 365 ya umeme wa upepo, na kasi yenyewe inapanda usiku, ukiwa ndio umejinyoosha.

Nenda Januari na Februari, ama Juni hadi Septemba. Msimu wa mvua wachana nayo kabisa, Chalbi zamani ilikuwa ziwa na maji hayana pa kutokea, mvua ikinyesha mlimani yanateremka mpaka hapo hata kama kwako ni kukavu, na ile ardhi nyeupe juu imekauka kama biskuti lakini chini ni tope. Fuata alama za magari yaliyopita, usijifanye unakata shortkati.

Nairobi mpaka Marsabit ni lami tupu, kama kilomita 530. Lala hapo mjini (beba sweta, kuna ukungu na baridi), asubuhi jaza tanki na jerikeni moja juu, uwe na spea mbili, halafu uliza polisi hali ya usalama maana hubadilika. Tafuta pia kijana Mgabra (ndio wenyeji wa huku) wa kuwaonyesha njia ya Maikona hadi Kalacha, kijiji cha pembeni mwa jangwa mtakapolala. Maji piga lita 6 kwa mtu kwa siku, ongeza ya siku nzima incase gari limegoma. Kalacha kuna chemchemi ila maji yana chumvichumvi, na ni ya ngamia na wenye kwao. Ukifika salimia wazee kwanza, uombe mahali pa kulala.

Sasa hema. Mara yangu ya kwanza niliamini zile pegi nyembamba zinazokuja nayo, saa nane usiku ikainuka na godoro ndani, tukaishikilia na mikono hadi kukakucha. Siku hizi nafanya hivi: gari napaki kiubavu kukinga upepo, mara nyingi unatoka kusini mashariki, hema inakaa nyuma yake, mlango ukiangalia upande ule mwingine. Nabeba magunia madogo ya sukari, najaza mchanga nusu, nafunga kamba za hema shingoni mwa gunia, nafukia kina cha karibu magoti. Kamba za upande wa upepo nafunga kwa rimu ya gari. Na usisahau, mtu asiwashe gari kabla ya kufungua hizo kamba, hehe.

Chapati na githeri pika Marsabit, huku ni chai tu. Chimba kashimo nyuma ya tairi uweke jiko, mkaa uje nao, vile vimiti vichache usiguse. Hata hivyo mchanga utautafuna kwa chai, zoea.

Blanketi nzito acha, Chalbi iko chini sana kuliko Marsabit na usiku ni joto, leso moja yatosha, nyingine ilowanishe ujifunike uso vumbi likizidi. Viatu funga kwa mfuko sababu ya nge, na asubuhi bado uvikung'ute.

Saa kumi na moja na nusu amka uone ngamia wakienda majini, usipige watu picha bila kuuliza. Kukunja hema, mmoja wenu alale juu yake mwingine akichomoa fito, kamba za gari ziwe za mwisho.