Kujaza maji kwenye matairi ya trekta: chagua kimiminika kinachofaa shamba lako

Gurudumu la nyuma likizunguka bila trekta kusonga, dizeli inaungua na plau inaelea juu juu. Huku Njoro, Kenya, tunaliona jambo hili kila msimu wa kuandaa mashamba ya ngano, kwa sababu udongo wetu wa volkeno ni mwepesi na ukikauka hugeuka vumbi. Njia ya bei nafuu ya kuongeza uzito ni kujaza kimiminika ndani ya matairi ya nyuma. Wakulima wengi hufika karakana wakiwa wameshaambiwa wanunue chumvi ya kalsiamu. Jibu langu, kwa mashamba karibu yote kuanzia Nakuru hadi Busia, ni maji matupu, safi. Lakini kwanza tupime, maana si kila trekta linahitaji uzito.

Hatua ya 1: Pima utelezi

Chora alama ya chaki ubavuni mwa tairi la nyuma. Shusha plau, lima kwa gea na kina cha kila siku, na mtu mmoja atembee kando akihesabu. Alama ikigusa chini mara ya kwanza achomeke kijiti. Gurudumu likitimiza mizunguko 10 achomeke cha pili. Kisha inua plau, pita umbali ule ule kando ya pale ulipolima, gea ile ile, uhesabu tena.

Ukipata mizunguko 10, hakuna utelezi. Ukipata 9, utelezi ni asilimia 10. Ukipata 8 na nusu ni asilimia 15, na 8 ni asilimia 20. Trekta linalovuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake liko sawa kati ya asilimia 10 na 15. Likizidi hapo, ongeza uzito. Likiwa chini ya 10, tayari ni zito, na ukiongeza utaumiza gea na ekseli, utachoma mafuta bure na kushindilia udongo ambao mizizi ya mahindi inautegemea.

Nyayo za tairi nazo husema. Simama nyuma ya trekta linapolima, uinamie alama iliyoachwa na meno ya tairi. Yakiwa yamechapwa vizuri, kila pembe inaonekana, uzito umezidi. Yakiwa yamefutika kabisa, udongo umesukumwa nyuma kama unga, uzito haujatosha. Unachotafuta ni alama iliyo wazi pembeni lakini imevurugika katikati. Dereva mzoefu hulitambua hili bila chaki, ila mimi bado napenda kuhesabu, kwa sababu namba haibishaniwi.

Hatua ya 2: Angalia kazi yenyewe

Trekta la kulima Njoro, Rongai au Mau Narok hufaidika sana. Linalovuta matrela ya miwa upande wa Muhoroni na Chemelil hufaidika pia, hasa kwenye murram yenye mwinuko, ila breki lazima ziwe nzima, kwani uzito unaokusaidia kupanda ndio huohuo unaokusukuma kwenye mteremko. Kwa anayevuruga matope ya mpunga Ahero, usijaze. Kwenye tope trekta zito huzama. Pale panahitaji magurudumu ya vyuma ya kukanyagia matope, si lita za maji.

Hatua ya 3: Chagua kimiminika

Elewa kwanza kwa nini ushauri wa chumvi umeenea. Umetoka nchi zenye majira ya baridi kali, ambako maji ndani ya tairi huganda yakawa jiwe la barafu na trekta haliwezi kutembea. Sisi hatuna shida hiyo. Hata Molo, mita zipatazo 2,500 juu ya usawa wa bahari, ambako alfajiri nyingine umande huganda juu ya nyasi, mamia ya lita zilizofungiwa ndani ya tairi hayagandi kwa saa chache za baridi. Kwa hiyo sababu pekee inayobaki ya kuacha maji matupu ni kutaka uzito zaidi kwa kila lita. Pima kama uzito huo una thamani ya gharama zake.

Maji matupu yana kilo 1 kwa lita. Hayaui mmea yakimwagika, hayamdhuru ng'ombe, na ukitaka kuyatoa unayafungulia shambani. Chuja mchanga, kwani ndio huziba valvu. Maji ya mvua ndiyo ninayoyapendelea. Ya kisima chenye chumvi yaache.

Kalsiamu kloridi, ndiyo ile chumvi ya kalsiamu, ikiyeyushwa ndani ya maji kwa nguvu ya kawaida hufikisha karibu kilo 1.2 kwa lita. Hiyo ni moja ya tano tu zaidi ya maji. Gharama yake ya kweli inakuja baadaye: inakula rimu. Kama tairi halina tyubu, chumvi inagusa chuma moja kwa moja, na hata penye tyubu, tundu dogo karibu na valvu linatosha kuanza kutu usiyoiona mpaka rimu litoboke. Ikivuja shambani, hapo pataungua kila kinachoota. Ukiamua kuitumia licha ya hayo, tumia tyubu mpya, vaa glavu na miwani, na mimina chumvi kidogo kidogo ndani ya maji, kamwe si maji juu ya chumvi, kwa sababu mchanganyiko huo huchemka. Uache upoe kabla ya kujaza. Chumvi ya jikoni ina ubaya uleule wa kutu, kwa hiyo nayo sikushauri.

Kulanti ya rejeta, ile ya ethilini glaikoli, isikaribie shamba lenye mifugo. Ni tamu, mbwa na ndama huilamba, na inaua. Uzito wake hata haujazidi maji kwa kiasi cha maana.

Watu wa karibu na viwanda vya sukari huuliza kuhusu molasi, na swali ni zuri, maana molasi ni nzito kuliko maji. Ikiwa nzito kama ilivyotoka kiwandani haipiti kwenye valvu kirahisi. Ukiizimua kwa maji inachacha, inatoa gesi na kuwa kali kwa chuma. Wapeni ng'ombe. Marekani na Kanada kuna kimiminika cha kiazisukari, karibu kilo 1.3 kwa lita, kisicholeta kutu, lakini kazi yake kuu ni kutoganda, na hatuna sababu ya kukiagiza kutoka mbali hivyo.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya uzito

Soma maandishi ubavuni mwa tairi. Yakiwa na kistari, mfano 14.9-28, ni tairi la nyuzi za kukatana, na unaweza kujaza asilimia 75. Yakiwa na herufi R mahali pa kistari, mfano 14.9R28, ni radiali, yaani nyuzi zake hazikatani, na watengenezaji wengi hushauri usipite asilimia 40, kwani maji mengi huzuia ubavu wake usinyumbuke.

Tairi la 14.9-28 huchukua karibu lita 220 kwa asilimia 75. Mawili yanakupa kilo 440. Kwa kalsiamu ungepata takriban 530. Tofauti ya kilo 90 hivi unaweza kuipata kwa kufunga vyuma viwili vya uzito kwenye magurudumu, na vyuma hivyo havina kutu ya kukumaliza pesa. Maji yana jambo jingine jema: uzito wake unakaa chini na kutua moja kwa moja ardhini, hauegemei beringi za ekseli.

Usisahau mbele. Ukiongeza mshiko wa nyuma na plau ni nzito, pua itataka kuinuka mlimani. Funga vyuma vya mbele.

Hatua ya 5: Jaza

1. Egesha pasipo mteremko, tia kabari magurudumu ya mbele, inua ekseli kwa jeki na uweke gogo imara chini yake. Tairi lisiguse chini.
2. Zungusha gurudumu hadi valvu iwe juu kabisa, pale ilipo namba 12 kwenye uso wa saa. Kwa radiali ya asilimia 40, isimamishe kwenye namba 4.
3. Toa sindano ya valvu, kile kiini kidogo kinachozuia hewa, taratibu, uso wako ukiwa kando. Acha hewa itoke yote.
4. Funga kichwa cha kujazia chenye tundu la kutolea hewa, uunganishe na mpira wa maji kutoka tanki lililo juu kuliko tairi. Ukikosa kichwa hicho, chomoa mpira kila baada ya dakika chache ili hewa ipumue.
5. Sikiliza. Kwanza hewa hutoka kwa mluzi, kisha inarusha matone, mwisho maji yanatiririka mfululizo. Hapo umefika.
6. Rudisha sindano, tia upepo hadi presha iliyoandikwa kwenye kitabu cha trekta, kisha jaza upande wa pili kiasi kilekile.

Hatua ya 6: Presha na pancha

Pima presha valvu ikiwa juu, ili geji isinywe maji. Kwa kuwa nafasi ya hewa imepungua, uvujaji mdogo hushusha presha haraka, kwa hiyo pima kila wiki. Barabarani punguza mwendo, maana tairi la maji hurukaruka likikimbizwa.

Pancha ikitokea, usilifungue gurudumu likiwa limejaa. Likimwangukia mtu linamvunja miguu. Valvu iwe chini, toa sindano, maji yatoke kwanza. Andika kwa rangi kwenye rimu: MAJI. Aliyetumia kalsiamu aandike CHUMVI, ili fundi ajaye avae glavu, akinge kwa pipa, na asiimwage kwenye sukumawiki ya mama wa jirani.