SOMO: Kukadiria akiba ya volteji kwenye gridi wakati data yenyewe huiamini

Wadau, habari za jioni kutoka Tanga. Wiki hii nimeulizwa swali hili mara sita, nne kati yake usiku: gridi inaweza kuongezewa megawati ngapi za mzigo kabla volteji haijaporomoka? Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrushia hapa.

Hatua ya 1. Programu: MATPOWER inatosha. Ni ya bure, na kwenye GNU Octave inakwenda.

Hatua ya 2. Ingiza laini, transfoma na tapu zake (ngazi za kurekebisha volteji).

Hatua ya 3. Endesha hesabu ya kawaida ya mtiririko wa umeme. Volteji ya kituo ikiwa chini ya 0.95 ya ile iliyopangwa kabla hujaongeza chochote, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 4. Wekea kila jenereta kikomo cha umeme riaktivu (ule usiofanya kazi wenyewe ila unashikilia volteji), na uwashe cpf.enforce_q_lims, swichi ya MATPOWER inayoilazimisha kuheshimu vikomo hivyo, maana yenyewe huja ikiwa imezimwa. Usipoiwasha, mitambo ya umeme ya Hale na Pangani ya kwenye kompyuta yako zitaibeba Tanga nzima bila kutoka jasho.

Hatua ya 5. Mzigo. Hapa ndipo nilipoumbuka, someni taratibu. Kuna kiwanda cha mkonge nilikikadiria kwa pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) ya 0.95, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye fomu ya maombi. Nikamwambia bosi akiba ipo tele. Baadaye nikaenda kusimama mbele ya mita, korona (mashine ya mkonge) inakamua: 0.85. Tuone maana yake. Chukua laini ya 132 kV yenye X (riaktansi, ukinzani wa laini kwa umeme wa AC) ya omu 40, upinzani mwingine upuuze, na volteji ya upande wa kupeleka isiyumbe. Kwa 0.95 kikomo ni kama MW 158, kwa 0.85 ni MW 121. Mzigo ukiwa MW 110, akiba ya 48 imebaki 11! Laini haijaguswa, iliyobadilika ni tarakimu moja kwenye fomu. ONYO: usiamini fomu. ONYO la pili: usipime Jumapili mota zimelala.

Hatua ya 6. Pandisha mzigo kidogo kidogo mpaka ufike kwenye pua ya mkunjo wa PV (mchoro wa volteji dhidi ya mzigo), yaani pale mzigo usipoweza kupanda tena. Kutoka ulipo hadi puani ndiyo akiba.

Hatua ya 7. Rudia 5 na 6 mara 500, kila mara ukibahatisha pawa fakta, X ya laini na mgawanyo wa mzigo kati ya vituo, ndani ya mipaka unayoweza kuitetea. Panga majibu kuanzia dogo, kisha ripoti la 25, yaani majibu 475 kati ya 500 yako juu yake. Wastani waachie wanaopenda kulala vizuri.

MASWALI

Kijana_Ngamiani: Injinia, kwa kifupi Tanga ina akiba ya megawati ngapi? Nipe namba tu niweke kwenye ripoti ya chuo.

Jibu: Namba tu ndiyo iliyoniumbua. Hatua ya 7.

Fundi_Pongwe: Mkuu, mimi nimepata akiba kubwa ajabu. Programu yako nzima kweli?

Jibu: Umewasha nilichosema hatua ya 4?

Fundi_Pongwe: Bado.

Jibu: Haya.

Binti_Raskazone: Shikamoo kaka. Sina mita kila fida (laini ya kusambazia). Mipaka ya pawa fakta naitoa wapi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, hilo ndilo swali. Anza na wateja wakubwa: ukipata kW na kVA za saa ile ile, gawanya kW kwa kVA. Waliobaki, soma transfoma ya kituo mchana wa joto na usiku wa manane; hapo katikati ndipo pa kubahatishia. Joto usilidharau. Tokyo, tarehe 23 Julai 1987, mzigo wa viyoyozi ulipanda kasi baada ya chakula cha mchana, volteji ikaporomoka, wateja kama milioni 2.8 wakakosa umeme.

Fundi_Pongwe: Si tufunge kapasita tu yaishe?

Jibu: Funga, zinasaidia. Ila kapasita hutoa umeme riaktivu kwa mraba wa volteji: ikishuka hadi 0.9 unabaki na asilimia 81. Inakukimbia siku unayoihitaji.

Mama_Chumbageni: Samahani wanangu, nje ya mada. Jioni friji langu linanguruma haliwaki. Ninunue stabilaiza?

Jibu: Nunua mama, iwe kubwa kuliko friji mara tatu, maana mota inapoanza huvuta sana. Ila umeme ukipungua, stabilaiza huvuta ampea zaidi ili friji lipate lake, na jirani wa mwisho wa laini anazidi kupungukiwa.

Mama_Chumbageni: Jirani wa mwisho ni mimi.