Kabla hujaanza kupokea malipo ya kadi mtandaoni

Tulipofungua nyumba yetu ya wageni Jambiani, Zanzibar, vyumba sita na baraza moja inayotazama bahari, tuliambiwa makato ya kadi ni asilimia tatu na nusu. Tukapanga bei za vyumba kwa hesabu hiyo. Msimu ulipokwisha, ndugu yangu alikaa barazani na taarifa za akaunti na kikokotoo, akajumlisha kila kilichokatwa, akagawa kwa mauzo yote ya kadi. Ikatoka karibu saba. Akarudia, akidhani vidole vimeteleza. Ikatoka ile ile.

Hatukuibiwa. Kila senti ilikuwemo ndani ya mkataba, kwenye kiambatisho ambacho ofisa mauzo hakutuonesha na sisi hatukumuuliza. Ndiyo maana namwambia kila anayetaka kuanza: asilimia iliyoandikwa kwenye kipeperushi si bei. Omba jedwali zima la gharama kwa maandishi, kabla kalamu haijagusa karatasi.

Pesa ya mgeni wa Kijerumani hupita mikono mitatu kabla haijafika kwako: benki iliyompa kadi, mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, na benki au kampuni inayokuhudumia wewe. Kila mmoja ana fungu lake. Zipo kampuni zinazoyakusanya mafungu yote zikakupa asilimia moja, na zipo zinazokutajia fungu lao tu, mengine yakaja juu yake. Kwa hiyo usiulize "mnakata ngapi?" Uliza kama asilimia hiyo imeshabeba kila kitu, na kama ni hiyo hiyo kwa kadi iliyotolewa nje ya nchi. Kwa mwenye duka Darajani, kule mjini, anayewauzia wenyeji, swali la pili halina uzito sana. Sisi wa pwani ya mashariki, kadi ya ndani tunaitafuta kwa tochi.

Nitoe mfano. Mgeni analipia dola 400. Asilimia tatu na nusu ni dola 14. Nyongeza ya kadi ya kigeni, tuseme asilimia moja na nusu, ni dola 6. Ada ya kila muamala, senti 30. Kisha zile dola 379.70 zilizobaki zinageuzwa shilingi kwa kiwango kilicho chini ya soko kwa asilimia mbili: hapo zimeondoka dola saba na nusu nyengine. Jumla ni karibu dola 28, yaani asilimia saba. Hilo la mwisho ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu kwenye taarifa halionekani kama makato; limejificha ndani ya kiwango cha kubadilishia. Uliza wanatumia kiwango cha nani na cha siku gani, na kama wanaweza kukuwekea dola kwenye akaunti ya dola.

Halafu kuna kurudisha pesa. Mgeni akivunja safari ukamrudishia dola zake 400, usitarajie kwamba waliokata nao watarudisha; kampuni nyingi hubaki na ada yao. Chumba hakikulaliwa, na bado umetoa mfukoni. Sisi sasa tunachukua malipo ya usiku mmoja tu kwanza, na sharti hilo mgeni analiona kabla hajaandika namba ya kadi.

Gumu kuliko hilo ni mwenye kadi kuyapinga malipo kwenye benki yake. Kwa kawaida ana hadi siku 120 za kufanya hivyo, kwa hiyo mgeni aliyelala kwako Agosti anaweza kuibuka Disemba. Kila shauri lina ada yake, na mara nyingi unailipa hata ukishinda. Ushahidi wako ni vitu vidogo: kitabu cha wageni chenye saini, ujumbe wa WhatsApp wa "tumeshafika, asante", na yale masharti ya kuvunja safari aliyoyakubali. Weka kila kitu kwa tarehe. Kitabu chetu kimoja kilirowa mvua ya vuli, na shauri tukashindwa.

Masika nayo ina bei yake. Aprili na Mei wengi tunafunga, tunapaka chokaa, tunaezeka upya makuti. Mkataba haujui masika. Kama umeandikwa kiwango cha chini cha ada kwa mwezi, au kodi ya mashine ya kuswaipu, utakatwa hata usipopokea mgeni mmoja. Uliza kama huduma inaweza kusimamishwa kwa miezi hiyo. Na mashine mara nyengine ina mkataba wake peke yake, wenye muda mrefu zaidi. Ukihama kampuni, ule unabaki shingoni mwako.

Angalia pia umeandikishwa kama nani. Hoteli na nyumba za wageni zina namba yao ya aina ya biashara, 7011. Mawakala wa safari wana 4722, na hao huhesabiwa kuwa hatari zaidi kwa sababu mteja hulipa leo na safari ni ya miezi ijayo. Rafiki yangu aliandika kwenye fomu kwamba anauza na ziara za mashamba ya viungo, akawekwa kwa mawakala. Kampuni ya malipo ikawa inamzuilia sehemu ya kila malipo kwa miezi sita. Hiyo si ada, itarudi, lakini mwambie hivyo fundi anayesubiri ujira wake Ijumaa.

Mengine ni mepesi: muda wa mkataba, faini ya kuuvunja mapema, watakupa taarifa ya siku ngapi wakipandisha bei. Ukishaunganishwa, kabla msimu haujaanza Juni, jilipe mwenyewe kwa kadi ya mtu wa nje, kiasi kidogo, kisha kirudishe. Subiri taarifa, isome mstari kwa mstari.

Ndugu yangu bado anagawa makato kwa mauzo kila tarehe tano. Februari namba ilipanda, akapiga simu. Kumbe kuna fomu ya kila mwaka ya usalama wa data za kadi, kanuni ziitwazo PCI, nasi hatukuijaza, na kila mwezi tulikuwa tunakatwa faini. Kuijaza kulichukua nusu saa. Za miezi miwili iliyopita hawakurudisha.