Mgeni wa ajabu akishuka Kiborloni

Ukitaka kuandika hadithi fupi ya uhalisiamazingaombwe, yaani ile inayosimulia maajabu kana kwamba ni mambo ya kawaida, usianze na muujiza. Anza na majirani. Mimi mgeni wangu humshusha Kiborloni, hapa Moshi, siku ya soko, kivuli chake kimeelekea mlimani hata saa sita mchana. Halafu namwacha. Asijieleze hata kidogo.

Wape watu kazi. Muuza mitumba aulize kama koti lake linauzwa. Balozi wa nyumba kumi atake jina, alikotoka, na amefikia kwa nani. Bibi mmoja amletee kata ya mbege, pombe ya ndizi, amchungulie anavyomeza. Hapa ndipo pa kukaa sana, maana kila swali linamwonyesha anayeuliza kuliko anayeulizwa. Katika hadithi ya Gabriel García Márquez ya mwaka 1968, mzee mwenye mabawa anafungiwa kwenye banda la kuku, na wenye nyumba wanatoza senti tano kumtazama. Wanajenga nyumba kwa hela hizo!

Lugha ibaki ya kila siku: bei, vumbi, nauli ya daladala. Ukijikuta umeandika "kwa mshangao mkubwa", futa. Mwishoni usimfafanue mgeni. Tuonyeshe nani kapandisha bei ya ndizi.