Kabla Hujakunja Kadi, Chana Gazeti

Chukua gazeti la juzi, ulichane kutoka juu kwenda chini. Linanyooka kama unapasua ukuti. Sasa lichane kutoka kushoto kwenda kulia: linakwenda hobelahobela, halikutii. Karatasi zote ziko hivyo. Kiwandani nyuzi zake hulala kufuata mwendo wa mashine, na ukikunja kwa kuzifuata mkunjo unakaa. Ukizikunja kwa kuzikatiza, mgongo wa kadi unapasuka na weupe unachungulia, hasa kwenye manila za rangi zilizo nzito.

Nilitengeneza kadi za harusi hapa Chikongola, mjini Mtwara, misimu miwili kabla sijalijua hilo. Nilikuwa nailaumu manila ya dukani.

Manila huwezi kuichana kila mara ili kuipima, ni hasara. Ipinde taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Mpindo usio na ubishi, mkunjo wako uufuate huo huo. Manila ya A4, yaani sentimita 21 kwa 29.7, mara nyingi nyuzi zake zimelala kwa urefu. Kwa hiyo usiikunje nzima katikati. Ikate kwanza vipande viwili, kisha kunja kila kipande katikati ya ule upande wa sentimita 21. Unapata kadi mbili za karibu sentimita 10.5 kwa 14.8, mikunjo yake imefuata nyuzi, na bahasha ya sentimita 11.4 kwa 16.2 inazipokea bila kubana. Ila manila kubwa zile zinazouzwa zimeviringishwa, usiziamini. Pima kila moja.

Kukata, tumia wembe mpya na rula ya chuma, juu ya boksi gumu. Pitisha wembe mara tatu nne kwa mkono mwepesi. Anayekandamiza ili akate mara moja, rula inamteleza, na damu haitoki kwenye manila nyeupe.

Mkunjo nao una adabu yake. Chora mstari kwanza kwa kalamu ya wino iliyokwisha, ukifuata rula, mpaka uone kimfereji. Wengi hukunja kuelekea ndani ya kimfereji. Mimi nakunja kinyume: kimfereji kinabaki nje, kile kituta cha upande wa pili kinaingia ndani ya kadi, na karatasi haivutiki sana mgongoni. Maliza kwa kupitisha mgongo wa kijiko, lakini weka kipande cha karatasi juu yake, la sivyo kijiko kinaacha mng'aro.

Sasa gundi, ambayo ndiyo iliyonitia hasara. Ilikuwa Februari, mvua imeshika, nami nina kadi 60 za watu wa Shangani. Nikapika uji wa unga wa muhogo, kwa sababu ni rahisi na huku kwetu muhogo haukosekani: vijiko viwili vya unga, kikombe kimoja cha maji baridi, koroga kwanza ndipo uweke kwenye moto mdogo, mpaka weupe uondoke na uwe kama kamasi. Uji ulikuwa mzuri. Kosa ni kwamba niliupaka kwa ukarimu, kadi nzima, nikazipanga juu ya meza nikalala. Asubuhi zote zimejikunja kama magome ya mti. Karatasi ikinywa maji upande mmoja hutanuka upande huo tu, na hewa yetu ya pwani miezi hiyo haikaushi kitu kwa haraka.

Siku hizi uji wa muhogo ni wa kubandikia kitambaa tu, nao naupaka mwembamba kwa brashi. Karatasi kwa karatasi natumia gundi nyeupe ya maseremala, matone machache pembeni na moja katikati. Kisha kadi zinalala katikati ya karatasi safi (gazeti linaacha wino), juu yake ubao, juu ya ubao tofali mbili nilizozifunga kwa kanga kuukuu. Usiku mzima. Uji uliobaki mwaga, maana mende wanaupenda kuliko unavyoupenda wewe.

Manila yenyewe usiiweke sakafuni wala usiiegemeze ukutani. Yangu inakaa chini ya godoro, ndani ya mfuko wa plastiki.

Mapambo sina maneno mengi. Vipande vya kitenge naokota kwa fundi cherehani, navipiga pasi kabla ya kukata. Maua ya milango ya Mikindani nayachora kwa penseli, kisha nayatoboa kwa ncha ya wembe, na karatasi ya rangi inakaa nyuma yake. Ukili uliosukwa unapendeza kweli, lakini pima unene: nimewahi kumaliza kadi 20 za ukili, hakuna bahasha hata moja iliyofunga.

Jambo moja la huku kwetu. Ukitoka kubangua korosho, usiguse kadi hata kama umenawa. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi na yanaacha alama kwenye karatasi. Na pesa ya korosho ndiyo inayoleta harusi, kwa hiyo kazi zote mbili hugongana.

Kadi 50 zikiagizwa, kata 55. Andika majina ukiwa umeweka karatasi chini ya kiganja, jasho lisifute wino. Zile tano za ziada usiandike jina, wala bahasha yoyote usiifunge kwa gundi, chomeka tu mdomo wake. Kamati itakupigia simu siku mbili kabla: mjomba aliyeandikiwa mtu mmoja anakuja na mkewe, na kuna shangazi wa Newala waliyemsahau.