Somo: Laptopu ya mwanafunzi, kuanzia kuinunua mpaka kuibadilisha

Wakuu, salaam. Boom (pesa ya mkopo wa chuo) likiingia, maduka ya Kariakoo na Posta hujaa wanafunzi wanaotafuta laptopu, na swali la kwanza wanalokutana nalo ni "unataka Core i5 au i7?" Hayo ni madaraja ya prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel. Swali hilo limewapotezea watu pesa nyingi. Laki tano ikienda kwenye mashine mbovu, mtu anamaliza muhula kwa mlo mmoja kwa siku na bado anapanga foleni maabara ya kompyuta ili achape asaimenti. Ndiyo maana nimeandika kirefu, hasa kwa ajili ya mwaka wa kwanza.

Msimamo wangu ni huu: kwa pesa ya mwanafunzi, laptopu ya ofisi iliyotumika, yenye prosesa isiyo ya zamani sana na inayofunguka, inaizidi laptopu mpya ya bei hiyohiyo. Mpya za bei ya chini mara nyingi zina Celeron (prosesa dhaifu ya Intel), RAM (kumbukumbu ya kazi zinazoendelea) ya 4GB na hifadhi ya eMMC (chipu ya polepole) ya 64GB, na vyote vimechomelewa kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta). Kazi zikikuzidi, huna pa kuongeza.

Hatua ya 1: Anza na kozi yako

Anayesoma sheria, ualimu, uhasibu au utawala anahitaji Word, Excel, PDF, Zoom na kurasa kadhaa za intaneti kwa pamoja. RAM ya 8GB na SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya 256GB vinamtosha mpaka anahitimu. SPSS au Stata, programu za takwimu, kwa data za utafiti wa shahada ya kwanza haziombi zaidi ya hapo. Anayesoma sayansi ya kompyuta na atakayetumia Android Studio pamoja na simu ya kuigiza ndani yake alenge 16GB. Usanifu majengo ni habari nyingine, nitaigusa kwenye maswali. Kabla ya kwenda dukani waulize wa mwaka wa tatu wa kozi yako wanatumia programu zipi kweli. Wao wanajua kinachotumika kila siku.

Hatua ya 2: Soma namba ya prosesa, achana na stika

Chukua mfano wa i5-8250U. Ile 8 inayokuja baada ya kistari ndiyo kizazi. i7-4600U ni ya kizazi cha 4, ya mwaka 2013, hata kama stika ya i7 inang'aa. Kuanzia kizazi cha 10, tarakimu za kizazi ni mbili: i5-10210U, i5-1135G7.

Kizazi cha 8 ndicho mpaka wangu, kwa sababu mbili. Ya kwanza, mwaka 2017 Intel iliongeza viini (cores, sehemu zinazofanya kazi ndani ya prosesa) vya prosesa za laptopu nyembamba kutoka 2 hadi 4. i5-7200U ina viini 2, i5-8250U ina 4, na zote zimepangiwa wati 15. Kwa hiyo i5 ya kizazi cha 8 inaiacha mbali i7-6600U, ambayo nayo ina viini 2 tu. Ya pili, Windows 11 inadai kizazi cha 8 na kuendelea pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Winga (dalali wa dukani) akikuambia "hii ya kizazi cha 6 tunakuwekea Windows 11", kweli inawezekana kuilazimisha, ila Microsoft haiitambui mashine hiyo wala haikuahidi masasisho.

Hatua ya 3: Tafuta mashine inayofunguka

Majina ya kuanzia: Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 7490. Zote ni za mwaka 2018, zote zina nafasi mbili za RAM, na SSD unaitoa kwa bisibisi ya kawaida. T480 ina betri mbili, moja ndani na moja nje, na ya nje unaibadilisha hata mashine ikiwa inawaka. Baadhi ya 840 G5 zilitoka na prosesa ya kizazi cha 7, kwa hiyo jina la mashine peke yake halitoshi, soma namba.

Angalieni sana herufi moja inavyobadilisha mambo. T480s ni nyembamba na nzuri kuishika, lakini sehemu ya RAM yake imechomelewa na nafasi ya kuongeza ni moja. X280 na X1 Carbon zimechomelewa RAM yote: ukinunua ya 8GB, utakufa nayo ya 8GB.

Hatua ya 4: Usimalize pesa dukani

Ukiwa na laki sita, tafuta mashine ya laki tano. Hiyo moja inayobaki ndiyo itanunua SSD kubwa zaidi, betri, au kumlipa fundi. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda dunia nzima kwa sababu viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye kompyuta za akili unde, kwa hiyo zamani ningesema nunua ya 4GB utaongeza mwenyewe, sasa nasema tafuta ambayo tayari ina 8GB au 16GB.

Hatua ya 5: Kagua kabla pesa haijatoka mfukoni

Hapa ndipo watu wanapopigwa, kwa hiyo twende polepole. Nenda mchana, nenda na mwenzako, na usikubali kuharakishwa. Dalali akisema kuna mteja mwingine anakuja kuichukua, mwache aichukue.

Iwashe kwa betri peke yake, chaja ikiwa imechomolewa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia sehemu ya Performance. Utaona jina halisi la prosesa, aina ya diski kama ni SSD au HDD (diski ya zamani inayozunguka), na ukigusa Memory utaona RAM ni ngapi na nafasi zilizotumika, kwa mfano 1 of 2. Hiyo 1 of 2 ni habari njema, ina maana kuna nafasi ya wazi.

Sasa betri. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika cmd, bonyeza Enter, kisha andika powercfg /batteryreport na Enter tena. Kompyuta itatengeneza ripoti na kukuonyesha ilipoihifadhi, ifungue. Tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, yaani inachoweza kubeba leo. Ikisomeka 48,000 mWh kisha 21,000 mWh, betri imebaki na asilimia 44. Muuzaji atakuambia inakaa saa tano. Mwonyeshe hiyo namba, kisha mzungumze bei upya.

Zima, uiwashe tena ukiingia BIOS (mipangilio ya msingi inayotangulia Windows): F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell. Ikiomba nenosiri ambalo muuzaji hanalo, rudisha kiti, ondoka. Laptopu nyingi hizi zilikuwa za makampuni ya nje, na nyingine bado zimefungwa kwenye mfumo wa kampuni. Njia ya kujua ni kupanga Windows upya palepale dukani ukiwa umeunganisha intaneti ya simu yako: ikileta jina la kampuni na kudai uingie kwa barua pepe ya kazini, mashine hiyo si yako hata ukiilipia. Duka linalojiamini litakuruhusu kufanya hivyo au litaifanya mbele yako.

Vilivyobaki ni vya macho na vidole. Fungua ukurasa mweupe ujaze kioo chote utafute madoa na mistari. Bonyeza kila herufi ya kibodi. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB. Fungua na kufunga kioo mara kadhaa usikilize bawaba. Jaribu kamera, spika na Wi-Fi. Kisha dai risiti ya EFD yenye namba ya mashine iliyoandikwa, na waranti iandikwe muda wake. Ahadi ya mdomo haina pa kuipeleka.

Hatua ya 6: Kuongezea nguvu

Kama mashine bado inatumia HDD, SSD ndiyo pesa ya kwanza, kabla ya RAM, kabla ya chochote. HDD ya laptopu inasoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde, SSD ya SATA inafika 500, na kwenye kutafuta mafaili madogomadogo tofauti ni kubwa zaidi ya hapo. Kabla ya kununua ujue mashine inapokea ipi: ya SATA ya inchi 2.5, M.2 ya SATA, au M.2 ya NVMe. M.2 ni umbo la kipande chembamba, SATA na NVMe ni njia za kuunganisha, na NVMe ndiyo ya kasi zaidi. Hizo M.2 mbili zinafanana kwa macho lakini tundu linaweza kukubali moja tu. Leseni ya Windows iliyokuwa imewashwa kihalali inabaki na mazabodi, kwa hiyo ukipanga upya kwenye SSD mpya itajitambua yenyewe ukiunganisha intaneti.

RAM: DDR3L na DDR4 ni vizazi viwili tofauti vya RAM, haziingiliani. Mbili za 4GB zinaipa picha kasi kuliko moja ya 8GB, kwa sababu prosesa inasoma zote kwa wakati mmoja. Kabla ya kufungua, zima kabisa, chomoa chaja, toa au zima betri. Ukiwa na mfuniko wazi, mwambie fundi apulize vumbi la feni na abadilishe pasta ya prosesa (ile inayopitisha joto kwenda kwenye kipoozeo). Mashine nyingi "nzito" zinapunguza kasi zenyewe kwa joto tu.

Hatua ya 7: Kubadilisha

Mazabodi ikifa, au matengenezo yakifika nusu ya bei ya mashine nyingine ya hali hiyo, acha. Iuze ikiwa bado inawaka, maana iliyozima inauzwa kwa bei ya vipuri. Toa SSD yako uondoke nayo, au futa kila kitu kwa Reset ukichagua kusafisha diski. DDR4 na SSD ya NVMe mara nyingi vinahamia kwenye mashine inayofuata.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kuna i7 ya kizazi cha 4 yenye HDD ya 1TB, na i5 ya kizazi cha 6 yenye SSD ya 256GB. Bei ni moja. Siyo bora hiyo ya terabaiti?

Chukua i5, mdogo wangu, hata kama haifiki mpaka wangu wa kizazi cha 8. Filamu na picha zinakaa vizuri kwenye diski ya nje, lakini ule uzito wa HDD utakuwa nao kila unapowasha. Kwa kuwa Windows 10 imeachwa, fikiria Linux Mint pamoja na LibreOffice kama kozi yako haidai programu za Windows.

Swali: Nimeona MacBook Air ya 2017 bei poa sana. Vipi?

RAM imechomelewa, SSD si ya kawaida, na mfumo wa mwisho inaoupokea ni macOS Monterey, ambao Apple haiusasishi tena. Kwa kuandika tu itakusogeza. Kwa bei hiyohiyo mimi nachukua T480. Na kama ni Mac ya 2018 au baadaye, hakikisha imeondolewa kwenye akaunti ya mwenye nayo mbele ya macho yako.

Swali: Nina i3 kizazi cha 4, RAM 4GB, HDD. Niongezee au nibadilishe? Nabakiza miaka miwili.

Weka SSD peke yake kwanza, ya inchi 2.5. RAM ya DDR3L usinunue mpya. Mafundi wanazo zilizotolewa kwenye mashine zilizokufa. Ukishindwa kuendelea hapo, badilisha, na hiyo SSD uiweke kwenye kasha la USB iwe ya kuhifadhia nakala za kazi zako.

Swali: Kaka, mimi ni dada wa usanifu majengo mwaka wa pili. Revit (programu ya kuchora majengo) inaniganda. Nichukue desktopu?

Dada, kama unakaa sehemu moja na umeme wenu ni wa kuaminika, desktopu iliyotumika inakupa nguvu zaidi kwa pesa ileile. Ila chukua yenye kasha refu (tower). Zile ndogo za ofisi zinapokea kadi fupi tu za picha, na pawasaplai yake haibebi kadi kubwa. Kama unabeba kazi yako kwenda studio, tafuta laptopu za wahandisi zilizotumika: HP ZBook, Dell Precision au ThinkPad P52, zenye kadi ya picha yake yenyewe na nafasi za RAM. Ni nzito begani na betri inaisha haraka. MacBook usiifikirie, Revit haina toleo la Mac.

Swali: Na Chromebook, zile laptopu za mfumo wa Google? Zimejaa mtaani.

Ingia kwenye mipangilio uangalie tarehe ya mwisho wa masasisho kabla ya kuuliza bei. Nyingi za mtumba zimeshapita. SPSS na AutoCAD za kompyuta haziingii humo.

Swali: Hosteli kwetu umeme unakatika na kurudi kwa kishindo. Chaja mbili zimeungua.

Chomoa chaja umeme ukikatika, na subiri dakika chache baada ya kurudi ndipo uchomeke. Tumia ekstensheni yenye kinga dhidi ya umeme mkubwa. Chaja nunua yenye wati zilezile au zaidi na volti zilezile zilizoandikwa chini ya mashine, na epuka za bandia, maana nyingi hazina kinga ndani. Kwa T480 una njia nyingine: inachajiwa kwa USB-C, hivyo chaja nzuri ya wati 65 ya aina hiyo itafanya kazi, na chumba kizima mnaweza kuazimana.