Kulima mchangani bila kuvuta chumvi: ya kujifunza Anloga

Anloga, mji mdogo wa mkoa wa Volta nchini Ghana, umekaa kwenye ulimi wa mchanga: upande mmoja Atlantiki, upande wa pili ziwa la chumvi la Keta. Mvua ni haba kuliko sehemu nyingi za pwani ya Afrika Magharibi. Hata hivyo, Waewe wa hapo wamelima shaloti, vile vitunguu vidogo vinavyozaa kwa vichane, kwa vizazi, na mzigo huenda hadi masoko ya Accra.

Mchanga hauna akiba. Maji ya asubuhi yameshazama kabla jua halijakaza, na mbolea ya dukani inazama nayo. Ndiyo maana wakulima wa Anloga walishika samadi ya ng'ombe, kinyesi cha popo, hata dagaa. Harufu ya dagaa si mchezo, lakini tuta linashiba. Nawe changanya samadi iliyooza vizuri kabla ya kupanda. Ya dukani, kama unayo, itie kidogokidogo mara kadhaa.

Kazi kubwa ni maji. Maji ya mvua, yasiyo na chumvi, huelea juu ya maji chumvi ardhini, kwa kuwa ni mepesi. Zamani ilikuwa ndoo na kisima kifupi: unachota ya juu, kisima kinajaa tena. Siku hizi kuna pampu za umeme na mabomba, na hapo ndipo watu hujiponza. Ukivuta kwa nguvu mahali pamoja, chumvi inapanda. Visima vifupi vitatu vinavyopokezana ni salama kuliko kimoja kirefu.

Usitegemee kuonja maji kwa ulimi. Kitunguu huumia kabla hujaonja chumvi, nacho ni miongoni mwa mazao yasiyoivumilia. Mwombe bwana shamba apime maji. Kipimo kikipita 0.8 dS/m (kizio cha kupimia chumvi majini), mavuno huanza kupungua. Ncha za majani zikikauka huku tuta lina unyevu, pumzisha kisima hicho kwanza.

Mbegu ya shaloti ni kitunguu chenyewe. Wengi huuza vizuri na kupanda masazo, kisha wanalalamikia udongo. Tenga vya mbegu siku ya kuvuna, kutoka vichane visivyo na ugonjwa, vifunge mashada, uvitundike palipo na hewa, mbali na mvua. Msimu unaofuata, tuta ulilovuna shaloti lipe karoti au pilipili.